Ngao za Salimini

Wapo watakaosema nchi ya Salimini haimo katika ramani. Ni kweli haimo, wala sina ugomvi na wachora ramani. Mimi nilifika, nikakaa, nikala vyakula vyao na kulala katika vitanda vyao. Habari za njiani naziacha, maana ilikuwa njia kama nyingine yoyote, vumbi na kiu. Nitaeleza sheria moja ya nchi ile, na habari za mwanamke mmoja jina lake Mize, na nitajitahidi kueleza bila kutukana mtu. Nikishindwa mnisamehe. Wenyewe walinichokoza.

Kitu cha kwanza anachofundishwa mgeni Salimini ni salamu. Mtu akikuuliza "Salama?" sheria inakutaka ujibu "Salama," na jibu jingine halijatungwa. Siku yangu ya kwanza mjini nilimwona fundi aliyeangukiwa na tofali mguuni. Askari akamwendea, akamwuliza, "Salama?" Yule fundi, machozi yanamtoka, akajibu, "Salama, afande." Askari akaridhika, akaenda zake. Nilicheka sana, kwa kuwa mguu haukuwa wangu.

Nilikuwa nimealikwa na Serikali yao niwe Shahidi Mgeni. Kila mwaka Wasalimini huadhimisha Siku ya Ngao, na sheria yao inataka awepo mtu wa nje ashuhudie kwa macho yake, wasije wakaambiwa wanajisifu wenyewe. Malipo ya shahidi ni ombi moja. Ataomba jambo lolote mbele ya Baraza, siku yenyewe ya sherehe, na Baraza halina ruhusa ya kumkatalia. Waliotangulia walikuwa wameomba mikeka, kasuku, na picha ya kupiga na wakubwa. Nami nilikuwa nimekwisha kuliona zulia fulani.

Nilipangiwa kulala katika kituo cha magari ya wagonjwa, ili, kwa maneno ya barua ya mwaliko, niwaone mashujaa kwa karibu. Mashujaa walikuwa wawili. Dereva ni Vuai, mtu mrefu, mwenye maneno mengi na shati lisilo na kifungo hata kimoja kilichokaa mahali pake. Mhudumu ni Mize, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia nyumbani kwa mgonjwa, kumwinua, kumlaza kwenye machela na kumshika njia nzima asianguke. Kila mmoja wao alivaa kifuani ngao ya shaba, ukubwa wa kisosi, iliyosuguliwa ikang'aa. Ya Mize ilikuwa imebonyea upande mmoja kwa kugongwagongwa na mikono ya machela.

"Itazame," Vuai aliniambia siku ya kwanza. "Kama sufuria ya aliyeachika."

"Na wewe yako inang'aa kwa sababu hufanyi kazi," Mize akamjibu. "Unakaa na usukani wako huko mbele, mimi nikibeba watu."

Nilikuwa sijajua ngao zile ni za nini. Kesho yake nikapelekwa kuelezwa na Mheshimiwa Haroub, Mkuu wa Idara ya Ngao.

Nilimkuta ofisini, madirisha yamefungwa na kuzibwa kwa gundi. Mheshimiwa alikuwa amevaa barakoa tatu, moja juu ya nyingine, glovu jozi mbili, aproni ya plastiki mpaka miguuni, na miwani kama ya mchomelea vyuma. Makarani wake wote walikuwa vivyo hivyo. Akisema, sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa na godoro. Kwa sababu hiyo Serikali ilikuwa imeajiri mkalimani, bwana mmoja mwembamba aliyesimama pembeni yake uso wazi, ngao kifuani, akiyarudia maneno ya mkubwa wake kwa Kiswahili kilekile, ila cha kusikika.

Nchi ile ilikuwa na ugonjwa waliouita Kibano, kwa kuwa hubana kifua mpaka mgonjwa akaona hewa ni kitu cha kuomba. Unaambukiza kwa pumzi na mate. Wa kwanza kuupata, kama mnavyoweza kudhani, ni wale wanaoitwa mgonjwa akizidiwa.

"Mtu akiugua Kibano akapona," alisema Mheshimiwa kwa kinywa cha mkalimani, "mwili wake unabaki na askari, tunaowaita kingamwili. Tunamtoboa kidole, tunaweka tone la damu juu ya kijikaratasi. Ukitokea mstari mwekundu, basi wamo. Ana ngao ndani, na sisi tunamvika ya nje."

"Ni jambo jema," nikasema.

"Ni jambo jema sana. Siku hiyohiyo anarudisha barakoa, glovu na aproni, mbele ya watu. Mwenye ngao havai plastiki. Akivaa, anaitilia shaka Serikali."

"Na hayo mavazi yanayorudishwa yanakwenda wapi?"

"Wanapewa wasio na ngao."

"Nani hao?"

Mheshimiwa akajigusa kifua kwa kidole chenye glovu mbili. "Sisi hapa Idarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutokewa na mstari. Sisi ni watu dhaifu, bwana mgeni. Hatujawahi kumkaribia mgonjwa hata siku moja."

Nilimtazama mkalimani nione kama anatania. Alikuwa anatazama ukuta.

Mheshimiwa akanionyesha kwa dirisha lililozibwa ubao mkubwa uliosimamishwa njia panda. Uliandikwa: TISA KATI YA KUMI WAMEKINGWA. Akanieleza kwa furaha kwamba alipoishika Idara, wenye mstari walikuwa wawili tu katika kila wahudumu kumi, na kwamba kazi haikuwa rahisi. Walikuwapo wahudumu wagumu waliokuwa wakivaa barakoa zao vizuri mno, mstari ukachelewa, takwimu ikadumaa. Ikabidi kila mmoja apewe barakoa moja ya kutumia msimu mzima. Toka hapo mambo yakaenda.

Nikamwuliza kama wale waliokufa kwa Kibano wamo katika hao kumi.

"Aliyekufa hana damu ya kupimwa," akasema. "Tungemweka wapi?"

Hapo nikafahamu ule ubao unapandaje. Mhudumu asiye na mstari akiugua akapona, anahamia upande wa waliokingwa. Akiugua akafa, anaondoka katika hesabu, na waliobaki wanazidi kupendeza. Kwa vyovyote vile Idara inapata sifa. Nimeona hila nyingi katika safari zangu, lakini nyingi zilihitaji mtu wa kuzifanya. Hii ilijifanya yenyewe.

"Na mwenye ngao akifa kwa Kibano?"

"Hawezi."

"Ikitokea?"

"Basi amekufa kwa jambo jingine. Uchovu, mara nyingi. Ni watu wanaojituma sana."

"Je, mtu anaweza kuirudisha ngao akachukua barakoa yake?"

Mheshimiwa alijinyoosha kitini, plastiki ikalia. "Sheria yetu ina huruma. Inasema anayerudisha ngao apewe papo hapo mavazi kamili, mapya, bila kuulizwa. Lakini ngao ni neno la Serikali, na aliye hai haruhusiwi kulirudisha neno la Serikali mdomoni mwake. Hujaelewa nini?"

Nilikuwa nimeelewa yote. Niliporudi kituoni nikakuta nimepoteza hamu ya kula.

Siku zilizofuata nilipanda gari nao. Mimi, kwa kuwa ni mgeni na damu yangu haikuwa na mstari, nilipewa barakoa safi na nikaamriwa nisiivue. Basi ikawa hivi: king'ora kinalia, watu wanapisha, tunafika nyumba ya mgonjwa, Mize anaingia uso wazi na mikono mitupu, na mimi nisiyebeba kitu nasimama mlangoni nimefunikwa pua na mdomo. Sijapata kuona haya kama niliyoiona katika milango ile.

Nyumba moja mgonjwa alikuwa mwuza nyama, mtu wa mwili mkubwa, na watoto wake walikuwa wamekimbilia uani. Mize akajifunga kanga puani, akafunga fundo kisogoni, akamwinamia. Hakuwa amemfikisha kwenye machela, mkaguzi wa Idara akatokea. Hawa wakaguzi walikuwa na pikipiki na walifuata magari kila mahali, wamevaa mavazi mpaka utadhani wanakwenda kuvuna asali.

"Salama?" akauliza.

"Salama," Mize akasema ndani ya kanga.

"Hiyo kanga ya nini, mwenye ngao?"

"Jasho, bwana mkaguzi."

"Jasho la pua?"

Mize akaifungua kanga. Mwuza nyama akakohoa, akamkoholea usoni. Aliufuta uso kwa bega, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imemshika mgonjwa, akaendelea kumwinua, akimwambia, "Haya baba, nilalie mimi, usiogope, sianguki." Mkaguzi akangoja mpaka machela yaingie garini ndipo akapanda pikipiki yake.

Tuliporudi, Mize alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la uani akajisugua uso na mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikamwiva. Vuai alikuwa anapiga deki gari. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Bwana mgeni," Mize akaniita, "una ombi lako. Umeshajua utaomba nini?"

Nikamwambia kuna zulia. Sijui kwa nini sikusema uongo.

"Zulia zuri?"

"Mize," Vuai akaingilia, "muache mgeni wa watu."

"Wewe piga deki." Akakaa mbele yangu, maji yanamchuruzika kidevuni. "Kabla yako hapa tulikuwa watatu. Alikuwapo Mkejina. Alipata mstari siku moja na mimi, tukavishwa ngao pamoja. Mwaka huu amekufa. Kifua kimembana namna ileile ya kwanza, nimemshika mwenyewe. Idara wakasema ni uchovu. Mkejina! Mtu ambaye ukimtuma chumvi anakwenda kwanza kulala!"

Vuai alicheka, kisha akageuka akasugua mahali palipokwisha kuwa safi.

"Kwa hiyo ule mstari unaondoka," Mize akasema. "Mimi siwezi kukueleza unaondokaje. Lakini Mkejina ulimwondoka, na tulivishwa pamoja. Nataka nipimwe tena. Kupimwa mara ya pili ni marufuku, mpaka mtu mwenye ombi aniombee. Ikionekana sina kitu, wanirudishie barakoa yangu. Basi. Sitaki kupumzishwa, sitaki kusifiwa. Kazi nitafanya."

"Usiwachokoze wale watu," Vuai akasema, safari hii bila mzaha.

"Nataka kuishi, Vuai." Akanigeukia. "Unaona? Hapa kwetu ukisema hivyo unaona haya, utadhani umeomba kasri."

Nikamwambia sitaki zulia tena. Akaniambia ahsante, akainuka, akampokonya Vuai dekio kwa kuwa, alisema, anaeneza uchafu tu.

Siku ya Ngao Baraza lilikutana uwanjani, chini ya turubai kubwa. Wajumbe walikaa safu kwa safu ndani ya plastiki zao, kama viti vya sebuleni ambavyo mwenyewe hataki vichafuke. Upande wa pili walisimama wahudumu wa mji mzima, wenye ngao uso wazi, wapya na barakoa zao. Wapya wakaitwa mmoja mmoja, wakatobolewa vidole, wakashangiliwa. Kila aliyepata mstari alivishwa ngao, akavua barakoa yake na kuiweka juu ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mwanamke mmoja aliiweka, akaitazama, akairudia kuinyoosha mikunjo kabla ya kuondoka. Ngoma zilipigwa. Nikaulizwa kama nimeshuhudia, nikasema nimeshuhudia.

Kisha wakaniuliza ombi langu. Nikasema, "Naomba mhudumu Mize apimwe upya, hapa, mbele yenu. Ikionekana kinga yake imekwisha, arudishiwe mavazi yake."

Ngoma zilinyamaza. Mwenyekiti wa Baraza akataka nirudie, nikarudia. Pakazuka mjadala ambao nitaueleza kwa ufupi kwa kuwa urefu wake ungewachosha kama ulivyonichosha. Mjumbe wa kwanza aliuliza kama shaba hushika kutu. Wa pili akajibu kwamba haishiki kutu, hushika ukungu wa kijani, na ukungu ule hutoka kwa limau na majivu. Akapendekeza kila mhudumu apewe limau. Likapita. Mjumbe wa tatu, jaji mstaafu, alisema suala lenyewe ni kama damu inaweza kusahau, na kwamba yeye haamini, kwa kuwa ana ndugu wa damu wengi na hakuna hata mmoja aliyewahi kusahau kuja kumkopa. Wakacheka mpaka miwani ikafanya ukungu. Wahudumu upande wa pili walikuwa wamesimama juani muda wote huo. Nilitamani kuipindua ile meza.

Mwisho wakakubali, kwa kuwa ombi la shahidi halikataliki. Mize akaitwa. Alikuja na kanga yake iliyopigwa pasi, akatoa kidole mwenyewe kabla hajaambiwa. Tone likadondoshwa. Tukangoja.

Kijikaratasi kilibaki cheupe.

Wakakigeuza, wakakiinua kwenye mwanga, wakakitikisa. Kilikuwa cheupe. Mize alinitafuta kwa macho, akanicheka, yale meno yake yote nje, kama mtoto aliyesikia jina lake likisomwa kati ya waliofaulu. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza ya barakoa. Hakunyakua. Aliunyoosha tu, kiganja juu, akisubiri apewe.

Mheshimiwa Haroub na Mwenyekiti waliinamiana, plastiki zikakwaruzana, wakanong'ona kwa muda. Halafu Mheshimiwa akasimama akanguruma ndani ya barakoa zake tatu. Sote tukamtazama mkalimani. Mkalimani akafumbua mdomo, akaufumba.

"Sema," nikamwambia.

"Baraza limeona," akaanza, akajikohoza. "Baraza limeona kwamba mstari haumo. Limeona pia kwamba neno la Serikali haliwezi kuwa uongo, na ngao haiwezi kuvuliwa kwa aliye hai. Kwa hiyo kilichokosekana ni mstari, na kinachotakiwa kurudishwa ni mstari. Mhudumu Mize atahamishiwa Banda la Kaskazini, wanakolazwa waliozidiwa, ahudumu humo kama kawaida ya wenye ngao, mpaka kinga yake irudi mahali pake."

Watu walipiga vigelegele. Nataka ijulikane hivyo, walipiga vigelegele.

"Hilo silo ombi langu!" nikapiga kelele. "Nilisema arudishiwe mavazi!"

"Uliomba apimwe, amepimwa," mkalimani akarudia maneno yaliyokuwa yakingurumishwa kando yake. "Ombi ni moja kwa kila shahidi. Mavazi ni ombi la pili."

Mkono wa Mize ulikuwa bado umenyooshwa. Aliurudisha taratibu, akaufuta kwenye kanga, ingawa haukuwa na kitu.

"Salama, Mize?" akauliza Mheshimiwa Haroub.

Nilidhani mara hii mtu atasema jibu jingine, na sijui angefanywa nini, lakini nilimwombea aseme.

"Salama, Mheshimiwa," akasema.

Banda la Kaskazini lilikuwa ghala la zamani la chumvi, limezungushiwa ukuta wa matofali yenye matundu. Asubuhi ya pili Vuai alinipeleka. Nilivua barakoa yangu, nikaikunja, nikampa mlinzi wa lango nikimwomba amfikishie Mize. Mlinzi akaipokea kwa mikono miwili, akaikung'uta, akanivisha mwenyewe kwa adabu kubwa. "Umeiangusha, bwana mgeni," akasema. Nilimtukana. Nilitumia maneno niliyokuwa sijayatumia tangu utoto, na Vuai akanivuta kwa ukosi mpaka upande wa pili wa ukuta.

Mize alikuja kwenye matundu ya matofali. Tulimwona kwa vipande, jicho, kisha shavu, kisha ngao iliyobonyea.

"Umempa nani gari langu?" akamwuliza Vuai.

"Wameniletea jitu moja halijui hata kushika machela. Limenibana kidole."

"Mwambie ainue kwa magoti, si kwa mgongo."

"Nimemwambia. Kichwa kigumu."

Nikamwambia Mize kwamba mimi ndiye niliyemfikisha pale. Akanikatiza. "Mimi ndiye niliyekutuma. Usijipe kazi yangu." Kisha akaniuliza kama nimewahi kuona watu wengi hivyo wakivuta pumzi kwa wakati mmoja; alisema humo ndani ukifumba macho utadhani uko kwa mhunzi. Mtu alimwita, akaenda. Tukamsikia akisema kule ndani, "Haya mama, nilalie mimi, sianguki."

Tulikwenda kila siku baada ya hapo. Siku moja alianza kukohoa katikati ya maneno, akageuza uso pembeni asitukoholee sisi tulio upande mwingine wa ukuta. Vuai alimwambia hadithi ndefu ya jitu lake la machela lililomdondosha mgonjwa bustanini kwa mjumbe wa Baraza. Mize alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Siku iliyofuata hakuja kwenye matundu.

Mheshimiwa Haroub alikuja kituoni mwenyewe, jambo ambalo, niliambiwa, halijawahi kutokea. Tulikuwa tunakunywa chai. Alisimama mbali kidogo, katika plastiki zake zote, na mkalimani mbele yake amebeba kisahani kilichofunikwa kitambaa. Kitambaa kikafunuliwa. Ndani palikuwa na kijikaratasi, na katikati yake mstari mwekundu.

"Mstari umerudi," mkalimani akasema, macho yake kwenye kisahani. "Mheshimiwa amekuja kwa miguu yake akuonyeshe, kwa kuwa lilikuwa ombi lako. Anasema utazame ulivyokolea. Wa kwanza haukuwa mwekundu hivi."

"Mize yuko wapi?"

Mheshimiwa alinguruma jambo. Mkalimani hakulirudia. Akaweka kisahani juu ya boneti ya gari.

"Amefariki asubuhi hii," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno yake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko niliyoizoea. "Walimpima kwanza."

Mheshimiwa akamgusa bega, akanguruma tena, kwa ukali. Mkalimani akajisimamisha sawasawa. "Uchovu," akasema.

Vuai alimwaga chai yake chini, polepole, mpaka kikombe kikaisha.

Tulikwenda kumzika jioni, jua lingali juu. Idara ilikuwa imetangulia. Walikuwa wamemvua ngao, kama sheria inavyotaka kwa maiti, nami niliiona mkononi mwa karani mmoja, na ule ubonyevu wake, anaisugua kwa limau tayari kwa mwingine. Kaburi lilikuwa wazi na mwili kando yake. Tulisogea kumtazama usoni.

Hatukuuona uso. Mize alikuwa amevishwa barakoa, mpya, bado ina alama za mikunjo ya pakiti. Alikuwa na glovu mikononi, aproni mpaka miguuni, na viatu vya mpira ambavyo sikuwahi kumwona mhudumu yeyote wa nchi ile amevivaa. Nilimwuliza karani maana yake nini, naye akashangaa mimi kushangaa.

"Amerudisha ngao," akasema. "Anayerudisha ngao hupewa mavazi kamili papo hapo. Hiyo ni haki yake, bwana mgeni. Sisi si watu wa kudhulumu."

Hapo hapo king'ora kikalia. Redio ya gari ilikuwa inamwita Vuai, mtaa wa pili, watu wawili wamezidiwa, na lile jitu lake la machela lilikuwa limekwisha kujilaza na Kibano tangu jana. Angeingia nyumba ile mwenyewe, uso wazi. Karani na wenzake walikuwa wamesogea pembeni, wamegeuka, wanazozana juu ya limau. Nikamshika Vuai mkono.

"Mvue," nikamnong'oneza. "Hawatazami. Mvue barakoa uivae wewe. Yeye haimsaidii kitu."

Vuai aliinama. Nilidhani anafanya nilivyomwambia. Vidole vyake vilishika ule uzi wa sikioni, akakaa hivyo kidogo, kisha akauweka vizuri uzi uliokuwa umejikunja, akaibana barakoa juu ya pua isiache nafasi.

"Muache nayo," akasema. "Ameitafuta sana."

Akasimama, akajifuta macho kwa shati lake lisilo na vifungo, akalikimbilia gari.